Hali ya Kuamuru

Barua imenikuta na marundo ya kusahihisha,
Kidato cha Pili B, hapa Chang'ombe,
umeme umekatika tangu saa nane.
Stempu ina ndege nisiyemjua.
Mjukuu wa Kapteni Tregenza, kutoka Australia, anauliza:
babu yake hakuwahi kusimulia vita,
je, wa kwangu alisimulia?

Nitakujibu, dada, kwa kile ninachokifundisha.

Babu yako aliazimwa kwa Keya akiwa na kijitabu cha mfukoni,
maneno mia mbili, na vitenzi vyote
vimevuliwa nguo, imebaki mifupa:
Leta. Beba. Chimba. Lala chini. Nyamaza.
Hakikuwa na "ningependa". Hakikuwa na "labda".
Wala hakikuwa na namna ya kumuuliza mtu ameamkaje.

Ng' ilimshinda. Ulimi wake uliiruka ile sauti
kama mbuzi arukavyo dimbwi,
na Koplo Ng'ombo akawa Gombo.
Gombo, karatasi ya kitabu.
Ndivyo alivyoandikwa kwenye cheti,
na kwa cheti hicho alisimama dirishani bomani miaka kumi na mmoja,
karani akimwambia: Gombo tunaye. Ng'ombo ndiye nani?

(Nao walimwita Terengeza. Hapo walitoka sare.)

Alichosimulia ni kidogo. Nakupa chote.
Bonde la Kabau, Burma, mvua ya siku arubaini,
ruba wakidondoka majanini pamoja na matone,
nyumbu amezama hadi masikio
na bado amebeba sanduku la risasi.
Vidonge vilivyowapaka wote, weupe kwa weusi,
umanjano mmoja machoni.
Kapteni alisema kwao udongo ni mwekundu.
Babu akasema, hata Songea.
Hayo ndiyo mazungumzo yao. Miezi saba.

Kisha usiku wa kuvuka Chindwini.
Homa imempanda, miguu haimtii,
na kikosi kinaondoka bila taa.
Babu akamtupia mgongoni.
Alisema alimhisi akitafuta neno,
akipekua kile kijitabu kichwani, gizani,
na hakulipata, maana halikuwamo.
Akasema: Beba.
Kimya. Maji kiunoni. Halafu:
Beba, Ng'ombo.

Ile sauti. Puani, sawasawa, kama mzaliwa wa Mbinga.

Usidhani nakuletea kisa cha kufutana machozi.
Alipopata nafuu alimwita Gombo tena,
na cheti akakitia saini hivyo hivyo.
Babu naye alirudi, akapanga chumba Keko,
na kile kijitabu alikileta mdomoni.
Leta maji. Keti. Nyamaza.
Bibi aliishi humo, katika hali ya kuamuru,
miaka thelathini na minne,
na sisi wajukuu tulijua kusimama wima
kabla hatujajua kwa nini.

Wiki ya mwisho, Muhimbili, wodi ya wanaume,
alimgeukia bibi akasema: Niletee maji, Mama Tekla.
Bibi alitoka nje. Alishika ukuta kwanza,
ndipo akaenda kuyatafuta.

Darasani nawaambia: beba ni amri kavu.
Ingiza ni, yaani mimi, mtu, mwenye kiu au homa,
na kitenzi chenyewe hulainika mwishoni: nibebe.
Wanaandika. Wengi hukosea mtihani.
Babu yako alikosa silabi moja mtoni.
Babu yangu alikuwa nayo tangu utotoni
na akakaa nayo bila kuitumia. Yupi nimpe alama?

Kama kijitabu kipo bado, katika sanduku huko kwenu,
usinitumie.
Chukua kalamu. Tafuta nafasi pembeni.
Andika: Ng'ombo. Kisha litamke,
anzia puani, usiharakishe.

Uniwie radhi, nimeamuru.
Ni mazoea ya nyumbani.